Suruali ya Kijivu ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu hakuwahi kumuuliza mteja kwa nini amenenepa. Mtu anakuja na suruali iliyomkataa kiunoni, ameipakata kama aliyempakata mgonjwa, anaanza maelezo: oo, fundi, imepungua ilipofuliwa, oo, vitambaa vya siku hizi si vitambaa. Mdogo wangu anaitikia tu, "Ni kweli, vitambaa vya siku hizi." Halafu anachukua wembe, anafumua mshono, anaachia kile kitambaa cha akiba kinachokunjwa ndani, anashona upya, ananisukumia mimi nipige pasi. Mteja anavaa, anajiona kijana, anakwenda zake. Tulikuwa hatucheki mpaka apite kona.

"Kazi yetu ni kuachia, dada, siyo kuuliza," alikuwa akiniambia. "Ukimuuliza, kesho anakwenda kwa fundi mwingine."

Mimi ni dada yake mkubwa. Huyu nimembeba mgongoni, akanikojolea, na hilo nilikuwa namkumbusha kila alipojifanya mzee mbele yangu. Mke wake alipofariki nilihamia kwake. Watu walisema nimekuja kumtunza. Ukweli ni kwamba bati la kwangu lilikuwa linavuja na yeye alikuwa na chumba kitupu, lakini sifa ikikujia unaiacha ikae.

Chumba cha mbele ndicho kilikuwa duka. Cherehani ya kukanyaga kwa miguu dirishani, meza yangu ya pasi ukutani, na katikati kamba ya kutundikia kazi za watu. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa fundi viatu, mzee mwenye maneno mengi kuliko misumari yake, aliyezoea kuniita mchumba. Nilimjibu kila siku kwamba mchumba wake ni nyundo.

Mdogo wangu watu walimwita Bitana, kwa sababu ya makoti. Bitana ni kile kitambaa laini cha ndani ya koti, kile usichokionyesha mtu. Mafundi wengine wanalipua hapo, wanatia chochote, maana nani atafunua? Yeye hakukubali. Alikaa muda mrefu zaidi na bitana ya koti la mtu kuliko alivyokaa na koti lenyewe. Nikimwambia achangamke mteja anasubiri, ananijibu: "Koti linakufa kuanzia ndani, dada. Bitana ikichakaa, mkono ukiingia unakwama. Mwenye koti anavuta. Kila siku anavuta. Mwisho bega linapasuka, anakuja hapa kulaumu bega."

Basi nilimsikiliza nikiendelea na pasi yangu. Maneno ya ufundi, nani anayatia maanani.

Baada ya msiba alikonda mpaka shati likawa linamvaa yeye. Kwa hiyo nilipoona anaanza kujaa, nilifurahi, tena nilijisifu. Niliwaambia watu waziwazi kwamba ni chakula changu. Tumbo lilikuja, mashavu yakaja kidogo, na nguo zake zilimkaa sawasawa kama zilivyomkaa siku zote. Hapo ndipo mtu angepaswa kushangaa, kwamba mtu ananenepa na nguo hazisemi kitu. Lakini fundi cherehani akivaa nguo iliyomkaa, nani anashangaa? Ni kama kumkuta muuza maji na ndoo.

Alianza kulala kwenye kiti. Alisema kiti kina usingizi mtamu kuliko kitanda. Nikamwambia wewe umekuwa kuku, unalala umekaa. Akacheka, na kile kicheko kikamchosha, akashika meza. Akaacha viatu vya kufunga, akawa anavaa makubazi. Alisema ni joto. Halafu nikaanza kuisikia cherehani. Mimi cherehani ile naijua kama sauti ya mtu: ikianza, inakwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa mshono. Sasa ikawa inakwenda, inasita, inakwenda, inasita. Nikimwangalia, ameinamisha kichwa, mdomo wazi, anajifanya anatafuta sindano.

"Umepoteza nini?"

"Sindano."

"Iko kwenye cherehani, inakutazama."

"Basi nimeipata."

Siku niliyojua ilikuwa mchana, duka halina mteja. Nilichukua suruali yake ya kijivu niipige pasi, ile aliyoishona mwenyewe kwa kitambaa kizuri miaka ileile aliyooa. Nikaitandaza. Huko ubavuni, kando ya mshono, nikaona ukanda mweusi kuliko sehemu nyingine ya suruali, umeteremka kutoka kiunoni mpaka gotini. Ukanda mwingine upande wa pili. Nikaigeuza, nyuma nako vilevile. Kitambaa kilichokaa kimekunjwa ndani hakipigwi na jua, kinabaki na rangi yake ya dukani. Nimepiga pasi nguo zilizoachiwa maisha yangu yote, sihitaji kuambiwa. Nikapitisha kidole, nikahisi matundu ya uzi wa zamani. Kulikuwa na mstari wa matundu, kisha mstari mwingine pembeni yake, kisha mwingine. Hakuachia mara moja huyu. Alikuwa akiachia kidogo, anangoja, anaachia tena. Nikaigeuza nje ndani kuangalia kilichobaki cha akiba. Hakikubaki kitu. Mshono ulikuwa umefika ukingoni mwa kitambaa.

Nilikwenda kwenye kamba ya chumbani kwake nikashusha nguo zake zote. Zote zilikuwa hivyo.

Nikatoka na ile suruali hadi dirishani. "Simama."

"Nina kazi ya mtu."

"Simama nikuone miguu."

Hakusimama. Mimi niliyemwogesha mtoto huyu sikungoja ruhusa, niliinama nikavuta suruali aliyovaa juu ya kifundo. Mguu ulikuwa umejaa, unang'aa kama umepakwa mafuta. Nikabonyeza kwa kidole. Nilipotoa kidole, shimo likabaki.

Tulitazama lile shimo wote wawili mpaka likafumba.

"Tangu lini?"

"Miguu ya mtu wa cherehani huvimba, dada."

"Nimekuuliza tangu lini, sijakuuliza ya nani."

Akaushusha mguu wa suruali. Halafu akasema, bila kunitazama, "Ilinibana, nikaachia. Ikanibana tena, nikaachia tena. Sikujiuliza."

Hapo fundi viatu alikuwa ameshachungulia, maana kelele zangu hazijui ukuta. Akasema taratibu, bila mzaha, "Na mimi aliniletea yale makubazi niongeze mikanda. Mara mbili. Nilidhani ni unene wa neema."

"Wewe nyamaza," nikamwambia. "Wewe na huyu mnafanana. Mtu akiwaletea jeneza limembana mtaongeza mbao."

Nilisema, nikatamani nilirudishe lile neno.

Hospitali walimlaza. Daktari alikuwa binti wa umri wa mjukuu wangu, ana sauti ndogo na mikono iliyotulia. Alimsikiliza kifua kwa ile mipira yao ya masikioni, akasikiliza tena, akamshika na mkono hapa pa mapigo. Nikamwambia na mimi nataka kusikia. Muuguzi akanitazama. Daktari akasema, "Njoo, bibi," akanivalisha masikioni.

Nilisikia cherehani. Cherehani inayokanyagwa na mtu asiyejua: inakimbia, inasimama, inaruka, inarudi nyuma, inakimbia tena. Nilikuwa nangoja ishike mwendo. Haikushika. Nikavua ile mipira nikamrudishia, maana nilikuwa nimeanza kukaza mguu wangu chini, nataka nimkanyagie.

Daktari alivuta kiti akakaa, na kwa hilo nikamheshimu. Akatueleza. Alisema ndani ya mishipa yote ya damu, ile mikubwa na ile ya kama uzi, kuna utando. Ni mwembamba mno, lakini una kazi. Ukiwa mzima, ndio unaoiambia mishipa itanuke damu inapotaka kupita, na ndio unaofanya damu iteleze isigande. Wa kwake umechoka. Mishipa imekakamaa, haiachii tena. Moyo unasukuma, unakwama, unasukuma kwa nguvu zaidi, mpaka na wenyewe umelegea. Umelegea ndio maana maji yanabaki miguuni na kifuani, na akilala chali anakosa pumzi. Tena moyo uliotanuka unapoteza mwendo, unapiga ovyo, na damu isiyosukumwa vizuri inaweza kuganda na kwenda kuziba kichwani. Alisema yote haya yanavutana, huyu anamharibu yule, na yule anarudi kumharibu huyu, huwezi kusema moja kwa moja nani alianza.

Mdogo wangu alikuwa ameegemea mito, anamsikiliza kama alivyowasikiliza wateja wakieleza mkono wa koti wanavyoutaka.

"Ni bitana," akasema.

"Ndiyo nini, babu?"

"Bitana ya mishipa. Imechakaa, bega linapasuka."

Daktari akafikiri, akatabasamu. "Unaweza kusema hivyo."

"Basi bitana inabadilishwa, mwanangu. Mimi nabadilisha kila wiki. Unafumua hii, unakata nyingine, unatia."

"Hii haibadilishwi, babu. Hakuna mahali pa kufumua, imeenea mwili mzima. Tunaweza kuisaidia kwa dawa isichakae haraka. Tunaweza kutoa maji, kupunguza kasi ya moyo, kuilinda damu isigande. Mpya hatuna."

Mdogo wangu aliangalia mikono yake. Nimemwona huyu akizika mke, lakini sikuwahi kumwona akiangalia mikono yake namna ile.

Halafu daktari akanigeukia mimi. "Bibi, ninachoshangaa ni kwamba maji haya hayakuja jana. Watu huletwa mapema kwa sababu nguo na viatu vinaanza kubana. Kwani hamkuona nguo zinambana?"

Mimi ni mtu wa majibu. Muulize yeyote. Siku ile nilitazama dirishani.

Maji yalitoka. Kila alipokwenda chooni alirudi mdogo zaidi, mpaka muuguzi akamtania kwamba wamempokea mzee mmoja na watamruhusu mwingine. Tulirudi nyumbani na mfuko wa dawa: ya kutoa maji, ya mwendo wa moyo, ya kuifanya damu isigande, na ile ya mishipa. Chumvi hakuna. Maji ya kunywa kwa kipimo. Daktari akatukazia neno moja: nguo zikianza kubana, pumzi ikianza kukatika, msingoje siku ya kliniki, njooni.

Mimi nikaweka sheria yangu juu ya ile ya daktari. Nilichukua wembe wake wa kufumulia, nikauzungushia kitambaa, nikaufunga kwenye pindo la kanga yangu. Nikamwambia: nguo za watu utashona, ukitaka kufumua utaniomba mimi, nitasimama hapa nikuone. Nguo zako hutazigusa mpaka unizike.

"Hata kifungo?"

"Hata kifungo."

"Umenipokonya kazi, dada."

"Nimekupokonya uongo."

Kwa mara ya mwisho nilimruhusu aipunguze suruali ya kijivu imkae alivyo sasa, amekauka. Aliishona mbele ya macho yangu, polepole, akipumzika, na kitambaa kilichozidi nikakikata kwa mkasi nikakitia motoni, asibaki na cha kuachia. Hiyo ndiyo ikawa shahidi wetu. Kila asubuhi aliivaa, akasimama kando ya meza ya pasi, nami nikapenyeza vidole viwili kiunoni. Vikiingia vikacheza, tulikunywa chai isiyo na furaha ya sukari nyingi, maana na hiyo walituambia tuipunguze, lakini tulikunywa kwa amani.

"Ningekuwa na mke ningemwachia yeye kazi hii," alisema.

"Ungekuwa na mke angeshakuacha."

Fundi viatu naye alikuja na vidole vyake vichafu, anataka kupima. Nilimfukuza kwa pasi ya moto.

Zile zilikuwa siku nzuri. Cherehani ilisikika tena, siyo mchana kutwa, lakini ilisikika. Alimaliza koti la mwalimu mmoja, akatia bitana ya rangi ya zambarau bila kumwambia mwenyewe. Alisema atagundua akilivua. Alilala kitandani, juu ya mito mitatu, lakini kitandani. Nami nikaanza kutembea njiani kifua mbele. Niliamini nimeushika ugonjwa kwa pindo la kanga. Niliamini kwamba alichokosa mdogo wangu ni mtu wa kumuuliza, na sasa aliyekuwa anauliza ni mimi, na hakuna atakayenipita.

Asubuhi moja vidole viliingia, havikucheza.

Sikungoja jioni. Tulikwenda. Daktari alifurahi, alisema tumekuja mapema, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Akaongeza dawa ya maji. Vidole vikacheza tena. Nilirudi nikamsimulia fundi viatu mpaka akaomba nimhurumie.

Halafu vikakaza tena. Tukaenda tena mapema, wakaongeza tena, wakabadilisha moja, wakamlaza kidogo, wakamruhusu. Suruali ile haikukosea hata siku moja, nataka hilo lijulikane. Ilisema kweli, ilisema kwa wakati, na kila iliposema mimi nilisikia na nikafanya nilichoambiwa. Chumvi haikuingia nyumba ile hata ya kuonja. Dawa nilimpa kwa mkono wangu na nikamwangalia koo likimeza. Sikuacha kitu. Mpaka leo nikipekua nitafute nilipoacha, sipaoni, na hilo ndilo linaloniuma, maana ningepaona ningekuwa na wa kugombana naye.

Safari ya mwisho daktari alivuta kiti chake kama siku ile ya kwanza. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Alisema dawa zimefika zinapoweza kufika. Akiongeza tena, figo zitakufa kabla ya moyo. Alisema moyo umechoka sana.

"Kuna hospitali nyingine?" nikauliza.

"Ipo, bibi. Watakwambia hivi hivi. Lakini nikuandikie, uende ukasikie?"

Nilitaka kumkasirikia. Nilimtazama vizuri nikitafuta pa kushika. Macho yake yalikuwa mekundu, mtoto wa watu.

Mdogo wangu akamgusa mkono. "Mwanangu, akiba imekwisha kwenye mshono. Naelewa. Nilikuwa nawaambia wateja hivyo. Kuna waliolia."

Akataka kurudi nyumbani, wakatuandikia dawa za kumpunguzia tabu ya pumzi.

Sasa alikaa kwenye kiti kando ya cherehani, mchana na usiku, miguu juu ya kisanduku cha vifungo. Kila asubuhi aliivaa suruali ya kijivu. Nilimwambia vaa kanga, vaa shuka, nani anakuona? Akakataa. Alisema fundi hakai dukani kwake amevaa shuka. Basi akaivaa, na kifungo hakikufika tena, akawa anaificha kwa shati, na mshono ukamkata nyama ubavuni mpaka ukaacha alama nyekundu kama ya kamba.

"Dada," akasema. "Nipe wembe."

"Sikupi."

"Inaniumiza."

"Ndiyo kazi yake iumize. Tujue."

Alinitazama kwa upole, mjinga huyu, kama vile mimi ndiye mgonjwa. "Si tumeshajua?"

Nilikwenda jikoni. Nilisugua sufuria lililokuwa safi. Nikarudi nikalisugua tena. Nikafungua pindo la kanga.

Sikumpa wembe, mikono yake haikuwa tena na nguvu ya kuushika. Nilimvua suruali, nikamfunika shuka, nikakaa chini karibu na dirisha kwenye mwanga. Mimi ni mtu wa pasi, sijawahi kufumua mshono wala kushona zaidi ya kifungo. Akawa ananielekeza kutoka kitini, neno, pumzi, neno, pumzi.

"Usivute. Kata uzi mmoja, ruka, kata mwingine."

"Naona."

"Huoni, unachana."

"Unataka nikuachie ushone mwenyewe?"

"Endelea, fundi mkubwa. Endelea."

Kitambaa cha kuachia hakikuwepo. Nilitafuta kwenye kapu la vipande, hakukuwa na kijivu. Kulikuwa na ile zambarau, masalio ya koti la mwalimu. Nikakata vipande viwili virefu, kimoja kila ubavu. Uzi niliupenyeza kwenye tundu la sindano baada ya kuomba dua na kutukana.

"Bitana unaiweka nje?" akasema. Alikuwa anacheka kwa macho tu, kifua hakikumruhusu.

"Wewe ulizoea kuificha. Na mimi nataka waione."

Nilishona mpaka mwanga ukaanza kuondoka dirishani. Mshono ulikwenda kama njia ya mlevi. Fundi viatu alisimama mlangoni muda mrefu, kofia mkononi, wala hakusema mchumba.

Nilipomaliza nikawasha pasi. Nikaitandaza suruali, nikanyoosha kiuno, nikanyoosha ule mshono wangu uliopinda, nikanyoosha na zambarau polepole isiungue. Nikamvalisha, mguu mmoja, kisha mwingine. Kifungo kikafika. Akapitisha vidole vyake viwili kiunoni, vikaingia.

Akashusha pumzi. Ilikuwa pumzi fupi, lakini aliishusha.

"Imekaa," akasema.

Sikumuuliza kitu.